Vigingi Vilivyochipua

Wajukuu wangu wakiniuliza kazi nilisomea wapi, nawaambia: darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Wanacheka. Acha wacheke. Nyumba wanayochekea ndani yake, hapa Mkuza, masika yote maji yanaizunguka kwa adabu na kwenda zao, kwa sababu aliyeijenga alijua maji yanataka kupita wapi kabla hajanunua tofali la kwanza. Aliyeijenga ni mimi. Na aliyenifundisha kwamba kujua mambo kama hayo ni kazi, tena kazi ya mshahara, ni msanifu mmoja mwembamba, mtu wa bara kwenye ndizi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa na ofisi yake Kibaha miaka ile ya Azimio na vijiji. Nataka nimshukuru ningali na akili zangu.

Nilimkuta amekwama. Ilikuwa masika yameisha, juu ardhi imekauka na kupasuka, lakini chini yake ni uji mtupu, na Landirova yake ilikuwa imezama mpaka tumboni. Mimi nilikuwa natoka shamba na jembe langu begani.

"Hapo hutoki, bwana mkubwa," nikamwambia.

"Kwa nini nisitoke? Si pakavu?"

"Umeegesha kwenye njia ya maji."

Akatazama huku na huku. "Mbona sioni njia?"

Nikamwonyesha ndago zilivyoota kwa mstari, na matete kule mbele, na jinsi mchwa hawakujenga hata kichuguu kimoja katika upana ule. Mchwa si wajinga, hawajengi panapofurika. Yule bwana akatoa daftari mfukoni akaanza kuandika. Nilishangaa. Mpaka siku ile hakuna mtu mwenye kalamu aliyewahi kuandika maneno yangu, isipokuwa karani wa kodi. Tulipomaliza kuchimbua gurudumu la mwisho akaniuliza ninalipwa nini shambani. Nikacheka. Shamba lilikuwa la baba yangu, na baba alinilipa ugali. Kesho yake nikawa mfanyakazi.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba vitatu vya bati. Chumba kimoja cha meza za kuchorea, ndefu, zimeinamishwa kama mapaa. Kimoja cha darubini za kupimia na minyororo. Kimoja cha msanifu, ambamo hakukaa kamwe. Nyuma palikuwa na kitalu cha miche: mijohoro, miarobaini, mikrismasi, yote kwenye makopo ya maziwa na mafuta yaliyotobolewa chini. Kazi yao ilikuwa kuchora barabara, mitaro, madaraja madogo, viwanja vya shule na zahanati, na kupanga miti iote wapi. Watu wengi hawakuelewa ile ya miti. "Mnalipwa kupanda miti porini?" wakituuliza. Mimi pia sikuelewa, mpaka nilipoona ukingo wa barabara uliopandwa na ukingo usiopandwa baada ya masika moja.

Nilianza kwa kufyeka njia ili darubini ione mbali. Baadaye nikapewa kushika mnyororo, kisha ile fimbo ndefu yenye namba nyekundu na nyeusi. Namba nilizijua, lakini za kuhesabu mbuzi. Msanifu akanifundisha kuzisoma nusu na robo, jua la saa saba, yeye amesimama na mimi nimesimama, bila kunifokea. Siku moja alinionyesha karatasi yenye mistari iliyojikunja kunja kama alama ya kidole gumba.

"Huu ni mlima," akasema. "Ukitembea juu ya mstari mmoja, hupandi wala hushuki."

"Hiyo njia ya mbuzi," nikamwambia. Mbuzi akizunguka mlima hapandi hovyo, anatafuta usawa wake anaufuata. Msanifu alicheka mpaka miwani ikadondoka mezani. Toka siku hiyo ofisi nzima, hata wale waliosoma Ulaya, waliita mistari ile njia za mbuzi. Mimi darasa la nne nikawa nimewapa wenye shahada neno la kutumia. Msiniambie nisijivune.

Mwenzangu wa mnyororo alikuwa Mnyamwezi, na mimi ni Mzaramo wa huku Mlandizi, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujajuana. Nilimwita mbeba mizigo. Yeye aliniita mla nazi, akisema Mzaramo akisikia ngoma huacha hata maiti njiani. Mgeni angedhani tunachukiana. Sijapata kufanya kazi na mtu mwema kuliko yule.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Tuliitwa kwenye kijiji kimoja upande wa Mzenga, huko Kisarawe ndani. Kilikuwa kijiji kipya. Watu walikusanywa kutoka vitongoji vya mbali, wengine kwa hiari na wengine kwa lori, na sitaki kupamba, wapo waliolia. Nyumba zilipangwa mistari mizuri, lakini zilipangwa chini ya mteremko. Masika ya kwanza tu, maji yaliteremka yakaingia nyumba za mstari wa juu kwa mlango wa nyuma yakatokea mlango wa mbele, na ukuta wa darasa ukalala chini na ubao wake. Mungu alisaidia ilikuwa Jumapili. Ofisi yetu ikaombwa ichore mtaro wa kukinga maji juu ya kijiji, uyazungushe na kuyapeleka bondeni.

Tulitembea mteremko ule na msanifu siku tatu. Yeye hakuamini karatasi mpaka miguu imeuma. Tukapata njia nzuri ya mbuzi, inayoshuka kidogo tu, maji yaende bila kula udongo. Tukaanza kupiga vigingi.

Kigingi cha ofisi kilikuwa na sheria zake. Mti mgumu, umekaushwa juani, urefu wa kiwiko mpaka ncha ya kidole, umechongwa pande nne, kichwa kimepakwa chokaa. Tulikuwa na mzigo wetu wa vigingi kutoka Kibaha, lakini katikati ya kazi vikaisha. Msanifu alikuwa anaondoka kwenda Dar kufuatilia saruji ya makalvati ya kupitishia maji, maana saruji siku zile ilikuwa kama dhahabu. Akaniita.

"Msimamizi ni wewe. Kateni mti mgumu, uanikeni siku mbili, kisha mmalize mstari."

Msimamizi! Alipoondoka tu, nikaanza kutembea mikono nyuma. Nilitaka akirudi aukute mstari umekwisha, na siku mbili za kuanika mti niliziona ni za watu wavivu. Hatua kama kumi na tano juu ya mstari wetu palikuwa na kichuguu kikubwa, na kando yake, ndani ya majani marefu, kichaka cha mibono. Mbono ni mti laini. Panga moja, kigingi kimoja.

Mtani wangu akasimama na panga lake mkononi. "Mtani, huu si ndio mbono kaburi? Si ndio mnaopanda kwenye makaburi kwenu?"

Ni kweli. Watu wetu wa huku wakimzika mtu hupanda mbono kichwani na mwingine miguuni. Mti wenyewe haufi, mbuzi haugusi, na kaburi likididimia mti unabaki kusema hapa yupo mtu. Lakini tunaupanda pia kuwa ua wa nyumba, na mimi nilishaamua kuwa ule ni ua wa watu waliohama.

"Mbeba mizigo," nikamwambia, "toka lini ukanifundisha mambo ya pwani? Kata."

Hakukata. Nikakata mwenyewe. Sikufunua yale majani nikatazama chini. Ningetazama, hadithi hii isingekuwepo. Nilikata mibono yote mpaka kwenye shina, nikachonga ncha, nikapaka chokaa, na jioni ile ile mstari ukawa umekwisha, mweupe pe, unapendeza. Msanifu aliporudi aliusifu. Vichwa vilikuwa na chokaa, hakujua chini yake ni mti gani, na mimi sikumwambia.

Saruji haikuja. Kazi ikasimama miezi. Wanakijiji wakafyeka mteremko, wakaukwepa mstari wetu wa vigingi, wakachoma moto tayari kwa kulima. Vuli ikanyesha. Tuliporudi, karibu na masika, tulikuwa na saruji hatimaye, na wilaya ilikuwa imetuazima greda kwa siku tatu tu, na mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameitisha watu wote na majembe, wa kujitolea. Nikashuka kwenye gari nikatazama juu mteremkoni.

Vigingi vyangu vilikuwa vimeota.

Si vyote. Vile vya mti mgumu vilisimama kama tulivyoviacha. Lakini katikati ya mstari, vyangu vya mbono vilikuwa vichaka vya kufika kiunoni, majani mapana yanang'aa, na chokaa yote imeoshwa na mvua. Mtani wangu akanitazama, kisha akavitazama vigingi.

Na katikati ya ile mibono alikuwa ameinama bibi mmoja na ufagio wa chelewa, anafagia.

Watu walikuwa wamekaa chini mbali kidogo, majembe yamelala. Mwenyekiti akatujia anakuna kichwa. "Ndugu msanifu, hapa pana tatizo. Watu wamekataa kuchimba. Yule bibi anasema pale ni makaburi ya wanawe."

Bibi yule ndiye aliyekuwa mwenyeji wa kweli wa mahali pale, kabla ya kijiji. Wakati tunapiga vigingi alikuwa Mlandizi kwa bintiye, anatibiwa macho. Alirudi wakati wa vuli, jicho moja limekwisha kabisa na la pili linaona vivuli. Wale wengine wote walikuwa wageni, hawakujua amezika wapi wala nani.

Msanifu akavua kofia, akamwendea. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa barabara?"

"Mimi wa mtaro, bibi. Nimeambiwa wanao wapo hapa."

"Watatu. Ndui iliwachukua katika mwezi mmoja. Nimewapandia mibono mwenyewe, kichwani na miguuni, karibu na kichuguu." Akapapasa jani. "Nilipofika nikaona imekatwa, nikalia. Sasa imerudi. Ila imekuwa mingi. Nahesabu kila siku, inazidi sita. Wangu ni watatu. Hawa wengine ni wa nani?"

Nilikuwa nimeshika ile fimbo ya namba. Nikageuka nikatazama juu, kwenye kichuguu.

Nilielewa pale pale. Kichuguu hakikuwa pale anapofagia. Kichuguu kilikuwa juu, hatua kumi na tano. Kile kichaka nilichokiita ua ndicho kilichokuwa makaburi, na mashina niliyoyaacha yalikwenda na moto wa mashamba. Bibi wa watu alikuwa amekuja na jicho lake la vivuli, akatafuta mibono, akaikuta mibono, akatulia. Miezi ile yote alikuwa anafagia vigingi vyangu.

Msanifu hakubishana naye hata neno moja. Mwingine angesema maendeleo hayangojei, angeita mgambo. Yeye alirudi kwetu, akafungua karatasi yake juu ya boneti ya gari, akatazama mteremko, akasema: "Hatugusi kaburi la mtu. Tutasogeza mtaro juu. Hatua kumi na tano, pale penye kichuguu. Mteremko bado unatosha. Greda ianze na kile kichuguu."

Watu wakashangilia. Mwenyekiti alimshika mkono kwa mikono miwili. Bibi akasema, "Mungu akuzidishie, mwanangu." Wakasimama na majembe, wakaanza kupanda kwenda juu, na dereva wa greda akawasha.

Niseme ukweli, kwa sababu sasa mimi ni mzee na sina wa kumwogopa. Nilifikiria kunyamaza. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga. Nilikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kupata mshahara wa mwezi. Kila mtu pale alikuwa anafurahi: bibi anafurahi, kijiji kinafurahi, na hakuna aliyejua ila mimi. Na mtani wangu. Nikamtazama. Alikuwa ananisubiri.

"Mla nazi," akaniambia polepole, "mimi nikisema, nitakuwa nimekushitaki. Ukisema wewe, utakuwa umesema."

Nikaiacha fimbo ikaanguka. Nikakimbia. Nilimpita msanifu, nikawapita watu, nikasimama mbele ya greda na mikono juu kama mwendawazimu. Dereva akanitukana tusi ambalo siwezi kuliandika. Nikapiga kelele: "Zima! Zima! Makaburi yako hapa!"

Greda ikazimwa. Watu wote wakanitazama, na mimi nikayasema yote, kwa sauti, kwa sababu nilijua nikisema kwa kunong'ona sitayamaliza. Nikasema mibono ile mliyoiogopa si makaburi, ni vigingi, nimevikata mimi. Nikasema nimevikata hapa, na hapa ndipo walipolala watoto. Nikasema niliambiwa nikate mti mgumu nikakata huu kwa uvivu, na mwenzangu alinionya nikamtukana. Na mimi ni Mzaramo, sina hata kisingizio cha ugeni.

Kisha kijana mmoja akasema, "Huyu apigwe," na wengine wakasema ndiyo. Mwenyekiti akajaribu kuwatuliza, sauti yenyewe haitoki.

Nikapiga magoti kando ya kichuguu nikaanza kuondoa majivu na udongo kwa mikono. Nikapata shina moja, limeungua, jeusi. Nikapata la pili, urefu wa mtoto aliyelala kutoka la kwanza. Nikaendelea. Yalikuwa sita, mawili mawili, na nafasi zenyewe zilikuwa fupi. Nafasi ya mwisho ilikuwa fupi kuliko zote. Msanifu alikuja akapiga magoti upande wa pili na suruali yake ya ofisini, akaanza kuondoa majivu pamoja nami. Hakunitazama.

Bibi aliletwa kwa mkono. Akainama, akapapasa shina la kwanza, la pili, mpaka la sita. Kisha akakaa chini kabisa kwenye majivu, miguu ameinyoosha, akageukia kule chini kwenye mibono iliyochipua.

"Kwa hiyo," akasema, "miezi yote hii nilikuwa namfagilia nani?"

Akachota majivu kiganjani, akayaacha yamwagike.

"Nimemwagia maji kila alfajiri. Nimesoma Yasini. Nimemsomea nani?"

"Kigingi, bibi," nikasema. Nilikuwa nalia.

"Kigingi cha serikali?"

"Cha ofisi, bibi."

Hapo ndipo mtani wangu alipofanya jambo ambalo ni mtani tu anaruhusiwa kulifanya. Kwa desturi zetu, penye msiba mtani ana kibali: atacheka penye kilio, atalala kaburini akatae kutoka mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumkasirikia. Alikwenda mbio mpaka kwenye vigingi vyangu, akajilaza chali katikati ya mibono, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

"Wazaramo!" akapaza sauti. "Nizikeni hapa! Yasini imeshasomwa, maji yameshamwagwa, pamefagiliwa! Msiache kaburi zuri hivi liende bure!"

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akakohoa cheko. Kisha bibi, yule bibi mwenyewe, mabega yakaanza kumtikisika, na sisi tukadhani analia, kumbe anacheka, mkono mdomoni, machozi yanatiririka.

"Wewe mtumwa wangu," akamwambia kwa utani, maana lafudhi ya Kinyamwezi alishaitambua, "ondoka hapo! Wewe utazikwa kwenu Tabora, kwenye tumbaku. Hatuna ardhi ya kuwapa wachukuzi!"

"Siondoki mpaka nipewe kuku!"

"Utapewa jongoo!"

Watu wakacheka sana. Hakuna aliyetaja tena kunipiga. Nimekaa miaka mingi nikiufikiria utani ule. Msanifu alikuwa na darubini, mwenyekiti alikuwa na madaraka, lakini kilichotuliza watu mia pale mteremkoni ni mtu mmoja aliyekubali kujifanya maiti.

Bibi aliponyamaza, akaniita. "Wewe uliyekata. Njoo."

Nikaenda, nikachutama.

"Ile mibono kule chini umeikata kwa wanangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi ni ya wanangu. Irudishe. Kichwani na miguuni, kwa mikono yako, na udongo wake. Na usidhani nimekusamehe. Ikishika nitakusamehe. Ikifa, tutaonana na wewe kwa Mungu."

Tukaing'oa sita iliyo mizuri zaidi, mimi nachimba kwa upana nisikate mzizi, nabeba na donge lake la udongo kama mtu anavyobeba mtoto anayelala. Msanifu alinishikia kila mmoja usimame wima wakati nafukia. Wanakijiji walisubiri, hakuna aliyelalamika kuwa greda ni ya siku tatu. Kisha msanifu akafungua tena karatasi yake, akachora alama tatu ndogo pale penye kichuguu, akaandika pembeni kwamba pasiguswe. Mtaro ukachimbwa mahali pake pa kwanza, pale nilipokuwa nimepiga vigingi. Mstari wenyewe ulikuwa sahihi. Hilo nalo nalisema, kwa sababu ni kweli.

Siku ya tatu, tukiwa tunapakia minyororo, nilimwendea msanifu na kumwambia nitarudisha panga na sare nikifika Kibaha. Nilikuwa nimeshajipanga kurudi kwenye jembe la baba. Akafuta miwani yake muda mrefu.

"Vile vigingi ulipaka chokaa ili nisijue ni mti gani?"

"Nilipaka kwa sababu ndiyo sheria. Lakini nilifurahi hukujua."

"Ningekufukuza kwa hilo," akasema. "Ungenyamaza juzi, ningekata kichuguu kile kwa amri yangu, na mpaka nakufa nisingejua nimefanya nini. Hilo umenikinga wewe." Akavaa miwani. "Kitalu kimekosa mtu. Mtu anayeweza kuotesha hata kigingi, nimpeleke wapi kwingine?"

Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yangu yote iliyobaki katika ofisi ile. Barabara nyingi za huku zenye kivuli, miche yake imepita mikononi mwangu. Nilijenga kwa kazi hiyo, nilisomesha kwa kazi hiyo, na mtoto wa mtoto wangu leo anachora mitaro kwa mashine na ananiambia babu huelewi. Ninaelewa. Hao vijana wanachora kabla hawajatembea, kisha wanashangaa maji yanapokaa. Kule Kwala wamefungua kazi kubwa kubwa siku hizi. Nilipopita nikaona mtaro umechimbwa kupandisha mlima. Nikacheka peke yangu garini.

Kila walipokwenda Mzenga niliomba nipande nyuma ya gari. Mara ya kwanza mibono yote sita ilikuwa imenywea, majani yameanguka. Sikulala vizuri wiki ile. Mara ya pili mitano ilikuwa na macho ya kijani. Wa sita, wa miguuni kwa yule mdogo, ulikuwa umekauka. Nikampelekea bibi mche mzuri wa kitalu, akaupapasa akanirudishia.

"Wa kopo siutaki. Kata kwenye ya kaka zake."

"Nikate, bibi?"

"Si nimesema kata?"

Nikakata tawi moja, nikalipanda, nikaliwekea kivuli cha makuti.

Masika yalipokuja kwa nguvu zake, tulikwenda kutazama kazi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ilikuwa ndiyo kwanza inapungua. Nilimkuta bibi amesimama mlangoni na fimbo yake, kama aliyekuwa ananingoja. Akanitaka nimpeleke juu. Kwenye kichuguu alipapasa mmoja mmoja, polepole, akihesabu kwa midomo, na alipofika wa sita akakuta jani. Akashika mkono wangu tukateremka mpaka ukingo wa mtaro, ambao ulikuwa umejaa, maji mekundu yanakwenda kwa kasi bila kumwagika popote. Akachovya fimbo yake kupima kina, ikamtikisika mkononi.

"Yanakwenda wapi haya?"

"Bondeni, bibi. Kwenye mpunga."

"Na lile darasa?"

"Limesimama. Watoto wamo ndani, wanasoma."

Akasikiliza. Sauti zao zilikuwa zinafika, wanaimba herufi.

"Ukija safari nyingine," akasema, "niletee chumvi. Dukani hakuna, na mjukuu mwenye mshahara ninaye."

Nilipeleka chumvi. Nilipeleka kila safari, robo kilo iliyofungwa kwenye gazeti, mpaka mwaka ule niliofika nikaambiwa amezikwa kule juu karibu na wanawe, na mwenyekiti akanionyesha mahali palipobaki wazi kichwani na miguuni, akasema wote wamekubaliana kwamba wa kupanda pale ni mimi.